Kuhusu ile swali lako

Beshte wangu,

Habari za Nakuru, na watoto? Sisi huku Kisumu tuko tu, joto ndio inatumaliza. Niliona meseji yako ukiuliza mbona hawa wamama wanaopigwa na mabwana wanatupigia simu huku kwa laini ya msaada wakilia halafu wanarudi kwa huyo huyo mwanaume. Nimechelewa kujibu maana nilitaka nikuandikie vizuri, sio mistari miwili ya wasapu.

Mtu akipiga hatuanzi na umefanyiwa nini, tunaanza na uko salama hapo ulipo, unaweza kuongea? Kuna mmoja, sitasema wa wapi, alipiga usiku sauti iko chini kabisa, amefungulia mfereji ndio asisikike, tukiwa katikati ghafla akaanza kuongea kwa nguvu, "sawa mama, hiyo omena niwekee gorogoro moja nitalipa kesho," nikajua bwana ameingia, nikamwambia sawa kastoma wangu akakata. Na huwezi kumpigia tena hata kama roho inakutoka, hujui simu ameshika nani.

Sasa wewe unauliza si atoke. Dada, kutoka ndio hatari yenyewe. Mwanaume akishanusa anaachwa hapo ndio wengi huumizwa vibaya, wengine wanauawa, ndio maana hatumwambii mtu toka leo. Tunapanga na yeye pole pole, kitambulisho, vyeti vya watoto, kitabu cha kliniki, nauli kidogo, vyote viwekwe kwa mtu anamwamini na asiwe wa upande wa bwana. Halafu wazee nao wanaitisha kikao, mama anaambiwa avumilie maana ng'ombe zilishatolewa, mkono umefungwa plasta na bado anaambiwa arudi akampikie. Hiyo inaniuma sana, siwezi kukuficha.

Na wengi hawajui kuna sheria ya 2015 ya ukatili wa nyumbani, unaweza kuenda kortini upewe amri ya kukulinda bila hata kuomba talaka. Kumbana mtu na pesa ndio asiwe na pa kuenda, hiyo pia sheria imeihesabu kama ukatili. Akiwa amebakwa, na hata kama ni bwanake, akimbie hospitali haraka, masaa 72 yasipite, apate dawa za kuzuia virusi vya ukimwi na za kuzuia mimba. Asioge kwanza, nguo asifue, aziweke kwa bahasha ya khaki sio nailoni, ndani ya nailoni zinashika unyevu na ushahidi unaharibika. Polisi wampe namba ya OB, yaani ya kile kitabu chao cha kuandika ripoti, na fomu ya P3, ile daktari anajaza majeraha, na hiyo P3 ni ya bure, asitoe hata shilingi.

Yule jirani yako uliyeniambia unasikia akipigwa, tafadhali usimuulize mbona bado yuko. Mngojee mkiwa kwa laini ya kuanika nguo, nyinyi wawili tu, umuulize angetaka umsaidie vipi, alafu unyamaze umsikilize hata akikuambia hataki kutoka. Mwambie 1195, ile laini ya msaada ya ukatili, ni bure, inapigika bila kredo, na akimaliza aifute kwa simu. Namba yako asevu kama ya fundi wa nguo. Mkubaliane pia neno moja akikutumia ujue uite watu, lakini usiingie huko peke yako.

Jumapili sina shifti, nipigie ukitoka kanisa uniambie amesemaje.

Wako,
Mama Baraka