Saa za mahabusu ziandikwe ndani ya Katiba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Mjadala wa Katiba mpya ukitajwa, wengi wetu tunakimbilia idadi ya serikali katika Muungano na madaraka ya Rais. Ni mambo makubwa, sibishi. Langu mimi linahusu saa.

Nina chumba cha kutoa kopi na kuchapa barua karibu na mahakama moja hapa Dar es Salaam. Jumatatu moja asubuhi, kabla sijamaliza kufagia, alifika mama mmoja kafunga karatasi zake kwenye pindo la khanga: barua ya serikali ya mtaa, kitambulisho cha NIDA cha kaka yake aliyekubali kuwa mdhamini, na picha mbili za pasipoti. Barua ilikunjwa mara nne, wino wa muhuri umesambaa kwa jasho, na kopi ya kwanza ikatoka doa jeusi mahali pa muhuri. Nikapunguza wino wa mashine, nikarudia. "Samahani kaka," akaniambia, "nimeilalia siku mbili hiyo."

Mwanawe ni fundi pikipiki. Ijumaa saa tisa alasiri alichukuliwa gereji kwa sababu pikipiki aliyokuwa anaitengeneza ilidaiwa kuwa ya wizi. Mama alifika kituoni jioni ileile, akaambiwa mpelelezi ametoka. Jumamosi mpelelezi hakuwa zamu. Jumapili akaambiwa asubiri kesho. Ukutani, juu ya kaunta, palikuwa na tangazo kwamba dhamana ni bure, na alilisoma mara nyingi mpaka akalikariri. Kijana alitoka Jumanne mchana, bila kufunguliwa kesi yoyote. Kituo sikitaji. Ninachokilenga ni maandishi ambayo askari wa kaunta anayategemea.

Aliniuliza: "Hivi kaka, wanaruhusiwa kukaa na mtoto siku ngapi?" Nikachukua Katiba rafuni, tukaisoma pamoja. Katiba yetu ya 1977 ina neema kubwa, imeandikwa kwa Kiswahili. Mama aliyeishia darasa la saba anaielewa bila wakili. Ibara ya 15 inasema kila mtu ana haki ya kuwa huru, na ni marufuku kumkamata au kumfungia mtu isipokuwa kwa kufuata utaratibu uliowekwa na sheria. Aliisoma kwa kidole, neno kwa neno, akarudia tena mwanzo. Kisha akauliza, "Mbona saa hazipo?"

Hazipo kweli. Katiba imetoa haki, lakini kipimo cha haki hiyo imekikabidhi kwa sheria za kawaida, na sheria za kawaida hutungwa na kurekebishwa kwa wingi wa kawaida wa kura bungeni. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataja saa 24: mtu aliyekamatwa bila hati, ikiwa haiwezekani kumfikisha mahakamani ndani ya muda huo, na kosa lenyewe halionekani kuwa zito, aachiwe kwa dhamana ya polisi. Likionekana zito, afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo. Nani anaamua kama ni zito? Yuleyule aliyemfungia. Na hiyo "mapema iwezekanavyo" inaishia lini, sheria haisemi.

Iko nyingine, Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997, inayompa mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu awekwe ndani hadi saa 48. Ina masharti, na ni haki kuyataja: sababu ziandikwe na hakimu apewe, na saa hizo zikipita bila mtu kufikishwa mahakamani, aachiwe. Lakini tumeshawasikia mara ngapi viongozi wakitamka "muweke ndani" hadharani, kwenye mkutano, kwa mtu aliyechelewa kazini au aliyejibu vibaya? Mamlaka yaliyowekwa kwa ajili ya kulinda amani yamegeuzwa kiboko cha nidhamu.

Tabia hii ina mizizi mirefu. Tulipopata uhuru mwaka 1961, Katiba yetu haikuwa na sura ya haki za binadamu. Viongozi wa wakati ule waliona ingewafunga mikono katika kujenga nchi. Mwaka uliofuata ikaja Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini, iliyompa Rais uwezo wa kumfungia mtu bila kumpeleka mahakamani. Haki ziliingia kwenye Katiba kwa mabadiliko ya 1984, na hata hapo Serikali ikajipa miaka mitatu ya kusafisha sheria zake kabla wananchi hawajaanza kuishtaki, hadi Machi 1988. Miaka ilikwisha, sheria nyingi zikabaki vilevile. Tume ya Jaji Nyalali, iliyoundwa mwaka 1991 kukusanya maoni kuhusu mfumo wa vyama, ilitaja sheria 40 za kufutwa au kurekebishwa. Sheria ya wakuu wa mikoa na wilaya ilitungwa baada ya hapo, na hilo linaniuma kuliko yote.

Haki iliyoandikwa ikipata jaji wa kuitetea ina nguvu, na hilo tumeliona. Mwaka 1991, katika shauri la Daudi Pete, Mahakama ya Rufani ilikitangaza kifungu kilichonyima dhamana kwa makosa fulani kuwa kinavunja Katiba. Lakini mwaka 2020, Mahakama Kuu ilipobatilisha kifungu cha makosa yasiyo na dhamana, Mahakama ya Rufani iliurudisha uhai wake miezi michache tu baadaye. Sababu ni ileile ya maneno mapana ya Katiba: jaji mmoja anayasoma hivi, mwingine vile. Saa 24 hazisomwi kwa namna mbili.

Wenzetu Kenya waliandika. Katiba yao ya 2010, ibara ya 49, inataka mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani haraka, na isizidi saa 24. Na kama saa hizo zinaisha wakati mahakama zimefungwa, basi kabla siku inayofuata ya mahakama haijaisha. Wameifikiria hata Ijumaa! Kwa kipimo hicho, fundi wetu angesimama mbele ya hakimu Jumatatu ileile ambayo mama yake alikuwa kwangu akitoa kopi. Uganda nao wameandika saa 48 katika Katiba yao ya 1995.

Kuna mtu atasema Katiba nayo hubadilishwa. Kweli kabisa. Mchungaji Christopher Mtikila alifungua kesi Mahakama Kuu Dodoma mwaka 1993 na akashinda kuhusu mgombea binafsi, yaani asiyesimamishwa na chama, na Bunge likajibu kwa kubadili Katiba yenyewe, kwa Sheria Na. 34 ya 1994. Theluthi mbili za wabunge zilipatikana. Ndiyo maana sura ya haki isibadilishwe na wabunge peke yao. Kenya inataka kura ya maoni ya wananchi kwa jambo kama hilo, na sisi, ambao ibara yetu ya 8 inasema Serikali inapata mamlaka yake yote kutoka kwa wananchi, hatuna sababu ya kuomba pungufu.

Rasimu ya Katiba mpya ya tume ya Jaji Warioba ilikabidhiwa Desemba 2013, Katiba Inayopendekezwa ikafuata Oktoba 2014, na kura ya maoni iliyopangwa Aprili 30, 2015 ikaahirishwa. Mchakato ukifufuka, ninawaomba watakaoshika kalamu waziandike saa ndani ya Katiba, na waandike pia zinapoanzia. Yule kijana alikuja baadaye kutoa kopi ya karatasi ya kurudishiwa simu na mkanda wake. Alichukuliwa saa tisa alasiri mbele ya gereji nzima. Kwenye karatasi ile, muda wa kupokelewa uliandikwa saa tatu usiku. Saa sita hazimo popote. Hesabu ianze pale mkono wa askari unapomshika mtu begani.

Wako msomaji,
Mtoa kopi, Dar es Salaam