Saini ya mzazi haigeuki kuwa bima

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi tuseme na walimu wa madrasa na wa shule za Jumapili, makocha wa timu za watoto, na wazazi wa Mtwara na Lindi. Likizo ikikaribia, watoto hukusanywa kwenda kuona magofu ya Kilwa Kisiwani, kwenye Maulidi, au kwenye mashindano ya mpira. Shule huwa na utaratibu wake kupitia afisa elimu. Safari hizi nyingine hupangwa kwa simu mbili tatu, michango inakusanywa, na gari linaazimwa kwa mtu anayefahamika mtaani. Karatasi pekee inayoandaliwa ni ya mzazi kusaini, na mara nyingi ina sentensi moja tu: likitokea lolote, waandaaji hawatahusika.

Sentensi hiyo haimsaidii mtu. Saini ya mzazi haimfutii dereva kosa la uzembe chini ya Sheria ya Usalama Barabarani, wala haigharamii matibabu ya mtoto aliyevunjika mguu. Inayotakiwa kulipa ni bima, na hapo ndipo safari nyingi zinapokuwa tupu.

Anzeni na rangi ya namba za gari. Namba za njano ni gari binafsi, nyeupe ni gari la biashara. Noah ya jirani yenye namba za njano ina bima ya matumizi binafsi, na mara nyingi ni bima ndogo, ambayo kwa kawaida haimgusi abiria aliyekaa ndani. Mkishachangisha nauli, hata mkiiita pesa ya mafuta, mmelitumia gari nje ya kilichoandikwa kwenye bima, na kampuni ina sababu ya kuyakataa madai. Kabla ya kulipa kianzio, ombeni cheti cha bima chenyewe. Someni mambo matatu: aina ya matumizi, idadi ya abiria, na tarehe ya mwisho. Kisha hakikini namba ya gari kwenye mfumo wa mtandaoni wa TIRA, mamlaka ya bima, maana cheti cha kughushi hakitambuliki kwa macho tu. Tarehe nayo msiidharau: kuna bima inayokwisha usiku ambao watoto wamelala Kilwa, na asubuhi wanarudi kwenye gari lisilo na bima.

Leseni ya dereva inasomwa kwa herufi. Daraja D ni la gari binafsi. Noah au Hiace ya kubeba abiria wasiofika 15 inahitaji C2. Coaster, au Hiace ya abiria 15 au zaidi, inahitaji C1, na basi la abiria 30 au zaidi ni C. Dereva wa miaka mingi mwenye D peke yake bado hana ruhusa ya kuendesha Hiace ya kukodi, hata kama hajawahi kugonga mtu.

Gari la biashara nalo lina leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, inayotaja njia yake. Hiace ya Mtwara Mjini na Mikindani haiwezi kuamka siku moja ikaelekea Nangurukuru, njia panda ya Kilwa, bila kibali cha safari hiyo. Kibali kiombwe siku kadhaa kabla, si alfajiri ya kuondoka. Likikamatwa njiani, watoto ndio wanaoshinda juani huku watu wazima wakipigiana simu.

Sasa fomu ya mzazi, kwa sababu ina kazi yake halisi. Iwe moja kwa kila mtoto, si karatasi ndefu ya majina. Iandikwe njia, namba ya gari, jina la dereva na la kiongozi, saa ya kuondoka na ya kurudi, ugonjwa au mzio wa mtoto, namba ya kadi ya bima ya afya, simu mbili za nyumbani, na ruhusa ya kumpeleka hospitali. Kama ni Kilwa Kisiwani, kuvuka kwa boti kutajwe waziwazi. Mzazi aliyekubali gari hajakubali bahari. Huku kwetu watoto wengi wanalelewa na bibi, basi asaini yule anayekaa na mtoto, na uhusiano wao uandikwe.

Andikeni pia watoto watalala wapi barabara ikifungwa. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokata barabara maeneo ya Somanga wilayani Kilwa, wasafiri walikwama.

Chukueni barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa yenye orodha ya majina. Tangu sheria ya 2008 ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu, askari anayekuta watoto wa watu ndani ya gari la mtu mmoja ana haki ya kuuliza, na tunamuunga mkono aulize. Bila barua hiyo mtamjibu nini?

Baada ya ajali ya Julai 2022 iliyochukua watoto wa shule hapa Mtwara, magari ya shule yalimulikwa sana. Safari za madrasa, kanisa na timu zimeachwa kando. Tunaziomba halmashauri zetu zichapishe fomu moja, ipatikane kwa kila mtendaji kabla ya likizo ya Desemba. Nakala moja abaki nayo mzazi, moja kwa mtendaji, na moja apewe kiongozi wa safari, si dereva, kwa kuwa ajali ikitokea dereva huenda ndiye wa kwanza kushindwa kusema.

Wasafirishaji wa wanafunzi,
Mtwara