Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Matembezi, Tanga

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya Kamati nawasilisha taarifa ya mwaka unaokwisha. Shughuli za kawaida mnazifahamu, hivyo sitazirefusha. Februari tulikwenda Mapango ya Amboni, umbali wa kilomita zipatazo 8 kutoka mjini, tukatembea kando ya mto Mkulumuzi na kurejea kabla ya alasiri. Julai tulipanda Amani kupitia Muheza, tukaiona bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Safari hiyo haikuwa na tatizo, isipokuwa gari la kwanza lilighairi usiku wa kuamkia safari, na la pili nililitafuta mwenyewe hadi saa 6 usiku.

Sasa niingie kwenye safari ya Lushoto ya mwezi Novemba, ambayo imezungumzwa mitaani kuliko ilivyozungumzwa kikaoni. Inadaiwa kwamba Mwenyekiti aliwanyima wanachama Irente, ule ukingo wa jabali ulio karibu na Lushoto, mahali walipolipia, na badala yake akawaonyesha maporomoko ya Soni, ambayo abiria yeyote wa basi huyaona bure akiwa barabarani. Naomba mambo yasemwe kwa mpangilio wake. Tangazo lilisema gari litaondoka saa 11 alfajiri. Tuliondoka saa 1:40 asubuhi, kwa sababu wanachama 6, ambao sitawataja ingawa wanajijua, walikuwa bado wakisubiriwa. Tukasimama Muheza kwa ajili ya machungwa, tukasimama Korogwe kwa ajili ya chai, na yote hayo yalifanyika kwa kelele za wengi wala si kwa amri yangu.

Tulipoiacha barabara kuu pale Mombo, mvua ya vuli ilikuwa imeanza. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 tu, lakini anayeifahamu barabara ile anajua kwamba ni kona juu ya kona, mlima upande mmoja na bonde upande wa pili. Kabla ya kufika Soni tulikuta kifusi cha udongo kimeziba nusu ya njia, tukasubiri kiondolewe, na tulipofika Soni ilikuwa saa 8 kasorobo mchana. Dereva alinieleza waziwazi kwamba kupanda atapanda, ila hatakubali kushuka na watu 29 gizani, kwenye utelezi. Nikaamua tuishie hapo.

Wapo wanaosema ningepiga kura. Kura ya nini, ndugu zangu, wakati aliyeshika usukani ameshasema? Tena sifa ya Irente ni kusimama kwenye ukingo wa jabali na kuitazama nyika yote ya chini, Mazinde na kuendelea, na siku ile ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mapaa ya nyumba za Soni. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini hapakuwa na cha kutazama. Nakiri jambo moja: nilipaswa kuwaeleza wote mle garini badala ya kuzungumza na waliokaa viti vya mbele peke yao.

Kuhusu fedha, kiingilio kilichotengwa kwa ajili ya Irente hakikuliwa na mtu. Kilifidia malipo ya awali ya chakula tulichoagiza Lushoto, ambacho mama aliyekipika hakuwa na kosa lolote la kutokulipwa. Kwa safari zote tatu tulikusanya Sh 2,340,000 na kutumia Sh 2,418,500. Pengo la Sh 78,500 nimelifunika kwa fedha zangu na Mweka Hazina anayo stakabadhi. Sidai kurudishiwa, ila sipendi kuitwa mla michango.

Linalonisikitisha zaidi ni kwamba mkutano wa Septemba, ambao ndio ungeamua ratiba, saa ya kuondoka na utaratibu wa dharura, ulihudhuriwa na wanachama 14 wakati akidi ni 22. Aprili walikuja 19. Viti vya Kosta, hata hivyo, vilijaa siku tatu kabla ya safari. Kati ya wanachama 64, waliokamilisha ada ni 27, na malimbikizo yamefikia Sh 612,000. Baadhi ya waliolalamika kwa sauti kubwa kuhusu Irente hawajalipa ada tangu mwaka juzi, nami niliwaruhusu kupanda gari kwa huruma, jambo ambalo Katibu alinionya na sikumsikiliza.

Mwakani tunatarajia, hali ikiruhusu, kurudi Lushoto wakati wa kiangazi, na pengine kuingia msitu wa Magamba. Pendekezo la kwenda Bonde la Olduvai ni zuri, ila kutoka Tanga haliwezi kuwa safari ya siku moja, na Kamati itaendelea kulitafakari. Irente tutafika, Mungu akipenda, na gari litaondoka saa 11 alfajiri, awepo asiwepo.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti