Barua kwa Salim kuhusu sarafu zenye kasoro

Mombasa

Kwa ndugu yangu Salim,

Assalaam aleikum. Huku sote wazima, tunaomba nanyi huko Leicester muwe hivyo hivyo. Ama baada ya salamu, picha za sarafu za Uingereza ulizoniuliza kama zina thamani zimefika: peni 20, peni 2, peni 50 yenye herufi mbilimbili, na ile iliyomegeka pembeni. Kwa zote jiulize jambo moja: kasoro hii ingetokea hatua gani kiwandani? Sarafu huanza kama kisahani kitupu kilichokatwa kwenye bamba, kikapitishwa kwenye mashine ya kuinua ukingo, kisha kikagongwa katikati ya mihuri miwili. Kasoro isiyoweza kutokea katika hatua hizo imepatikana mtaani, na sarafu hiyo itakununulia kilichoandikwa juu yake, basi.

Peni 20 ndiyo ya kuishughulikia. Mwaka 2008 Royal Mint, kiwanda cha sarafu cha Uingereza, ilibadilisha michoro. Kwenye sarafu za zamani mwaka ulikuwa upande wa ua waridi. Kwenye mpya, zenye ngao badala ya waridi, ukahamia upande wa malkia. Kundi moja likagongwa kwa muhuri wa zamani wa malkia, usio na mwaka, pamoja na muhuri mpya wa ngao, nao pia hauna. Matokeo yake ni sarafu isiyo na mwaka popote. Kwa hiyo unatafuta mambo mawili kwa pamoja: ngao upande mmoja, na upande wa malkia usio na tarakimu yoyote. Ukiona waridi, irudishe kwenye droo ya duka. Kukosa mwaka upande wa malkia ni kawaida yake.

Yako ina ngao, alhamdulillahi. Sasa ipime: iwe gramu 5, kipenyo milimita 21.4, na sumaku isiivute. Halafu chukua lenzi ya kukuza mara 10, kwa sababu wapo wanaosugua mwaka kwa msasa wakauza. Uinamishe uso wa malkia chini ya taa. Mahali paliposuguliwa huwa pamebonyea kidogo, pana mikwaruzo midogo inayoelekea upande mmoja, na mng'ao wake haufanani na sehemu nyingine. Kama uso wote umechakaa sawasawa, una sababu ya kufurahi, ila furahi kwa kiasi. Magazeti huandika maelfu ya pauni. Sarafu iliyotumika huuzwa pauni 50 hivi, ikiwa haijachakaa hupanda kidogo. Inakadiriwa zilitoka makumi ya maelfu au zaidi, si chache kama watu wanavyodhani.

Peni 2 yenye maneno NEW PENCE, samahani, haina kitu. Maneno hayo yako kwenye peni 2 zote za 1971 hadi 1981. Yenye thamani ni ya 1983 peke yake, kwa kuwa wakati huo yalipaswa kuwa TWO PENCE na muhuri wa zamani ukatumika kwa bahati mbaya. Hiyo hufikia mamia ya pauni, lakini ilifungwa kwenye seti za wakusanyaji, kwa hiyo usitegemee kuiokota kwenye chenji ya duka.

Peni 50 yako ndiyo inayowachanganya wengi. Herufi zikionekana mbili kwa sababu muhuri wenyewe ulichongwa mara mbili bila kulingana, kila herufi hunenepa, kivuli chake huwa na mwinuko wa mviringo kama herufi kamili, na kwenye pembe utaona mpasuko mdogo unaozitenganisha. Yako ina kitu kama ngazi bapa kando ya herufi, na herufi zenyewe zimekonda. Hapo muhuri ulikuwa umelegea ukatikisika wakati wa kugonga, ukaisukuma chuma iliyokwisha kuumbwa. Hutokea kila siku na wakusanyaji hawalipii.

Iliyomegeka ina dalili nzuri, ila siwezi kuona upande wa pili wa ukingo. Kisahani kikikatwa mahali palipokwisha kukatwa kingine, hutoka na pengo la mviringo. Kwa kuwa kwenye pengo mashine ya kuinua ukingo haipati cha kubana, upande unaolikabili nao haubanwi sawasawa. Tazama ng'ambo ya pengo: ukingo ukiwa dhaifu au umefifia, kuna uwezekano mkubwa imetoka kiwandani hivyo. Ukiwa mnene na kamili, shuku mkasi wa bati. Herufi zilizo karibu na pengo ziwe zimevutika na kufifia, zisikatike ghafla.

Ukiwa kwenye droo ya duka, tazama pia pauni 1 yenye pembe 12. Zipo zilizogongwa mwaka 2016 kwa tarakimu kubwa upande wa malkia, ilhali maandishi madogo sana ya upande wa pili yanasema 2017. Ni adimu kuliko peni 20, na bei yake ni kubwa kwa mbali. Bila lenzi hutaiona.

Usisafishe hata moja, wala kwa sabuni, wala kwa ndimu. Mnunuzi hujua mara moja na bei hushuka. Shika ukingoni, weka kwenye kifuko kisicho cha plastiki laini ya PVC, maana huacha utando wa kijani. Bei itafute kwenye zilizokwisha kuuzwa, si zilizotangazwa. Tangazo mtu anaweza kuandika lolote. Na sarafu inayouzwa pauni 50 hivi usiipeleke kwa kampuni za kuthibitisha kama PCGS au NGC: ada na posta vitameza faida.

Nitumie uzito wa peni 20, na picha za pande zote mbili taa ikiwa pembeni, si juu yake, pamoja na ukingo wote wa ile iliyomegeka. Wasalimie watoto na shemeji.

Wasalaam,
Nduguyo Mbarak