Robinson hakuwa wa kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nisahihishe kauli inayorudiwa mno katika makala za michezo, kwamba Jackie Robinson, aliyeanza kuichezea Brooklyn Dodgers tarehe 15 Aprili 1947, ndiye mtu mweusi wa kwanza katika ligi kuu za besiboli nchini Marekani. Miaka 63 kabla yake, tarehe 1 Mei 1884, Moses Fleetwood Walker, mzaliwa wa Ohio aliyesoma chuo cha Oberlin, aliingia uwanjani mjini Louisville akiwa mdakaji wa Toledo, timu iliyokuwa msimu ule katika mojawapo ya ligi kuu za wakati huo.

Udakaji ulikuwa kazi ya maumivu, kwani mdakaji alisimama nyuma ya mpigaji na kuupokea mpira mgumu kwa mikono mitupu, au kwa glavu nyembamba isiyosaidia sana. Walker aliongezewa adha nyingine na mwenzake mwenyewe: mrushaji Tony Mullane alikiri miaka mingi baadaye kwamba hakuwahi kufanya kazi na mdakaji bora kuliko yeye, ila kwa kuwa hakuwapenda watu weusi, alirusha mpira alivyotaka bila kuzitazama ishara ambazo mdakaji humpa mrushaji kumweleza arushe mpira wa aina gani. Fikiria vidole vya mtu asiyejua mpira unakuja vipi! Hata hivyo, Walker alicheza mechi 42 msimu ule, mpaka majeraha yalipomwondoa.

Mwaka 1887 alikuwa katika timu ya Newark, ya ligi ya daraja la chini, pamoja na mrushaji hodari George Stovey, naye pia mweusi. Tarehe 14 Julai, siku ambayo Chicago ya Cap Anson, nahodha aliyejulikana kwa kukataa kucheza dhidi ya weusi, ilikuja kucheza nao mechi ya kirafiki na Stovey hakupangwa, viongozi wa ligi yao waliamua kutoidhinisha tena mikataba mipya ya wachezaji weusi. Walker aliendelea na timu ya Syracuse hadi 1889, kisha basi.

Ndiyo maana neno “wa kwanza” linanisumbua. Linamfanya msomaji adhani kwamba kabla ya 1947 hakukuwa na mweusi aliyefikia kiwango hicho, ilhali walikuwapo na wakafukuzwa kwa makusudi. Welday Walker, mdogo wake Moses aliyecheza naye Toledo, alilalamikia ubaguzi huo mwaka 1888 kwa barua iliyochapishwa katika gazeti la Sporting Life. Nawaomba waandishi wako, wakimtaja tena Robinson, waandike kwamba aliufungua mlango uliokuwa umefungwa, na wawataje ndugu hao wawili waliofungiwa nje.

Wako,
Msomaji