Mafunjo ya Winam yalindwe kama nyasi za Formentera

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi nichangie makala mliyochapisha kuhusu watalii wanaoogelea kwa miwani na mrija wa kupumulia katika ghuba tulivu za visiwa vya Bahari ya Mediterania. Mwandishi aliyasifu, nayo yanastahili, maji yanayomwezesha mtu kuelea kifudifudi na kuuona mchanga ulio mbali chini yake. Lakini hakueleza kinachoyadumisha maji hayo, na hilo ndilo sisi wakazi wa Kisumu tulilohitaji kulisikia.

Katika sakafu ya ghuba nyingi za Ibiza na Formentera, visiwa vya Uhispania, zimetanda nyasi za bahari ziitwazo Posidonia oceanica. Huo si mwani, bali ni mmea wenye mizizi, maua na matunda, na aina hiyo haioti penginepo ila katika Bahari ya Mediterania. Majani yake, marefu kama utepe, hupunguza kasi ya maji hadi tope likatua, kisha mizizi hulishika lisitibuke tena. Humo samaki wachanga hujificha, na makundi ya samaki wenye mistari ya dhahabu ubavuni huja kuyala majani hayo mbele ya macho ya muogeleaji. Hata majani makavu yanayorundikana ufuoni majira ya baridi, ambayo wageni wengi huyaona kuwa uchafu, huyazuia mawimbi yasiuchukue mchanga.

Nanga za mashua ndizo zinazoziumiza mno nyasi hizo. Nanga inapoburutwa na kuinuliwa hung'oa nyasi na mizizi yake, na kwa kuwa shina hutambaa sentimita chache tu kwa mwaka, pengo la asubuhi moja huchukua miongo kuzibika. UNESCO iliziingiza nyasi hizo katika Urithi wa Dunia mwaka 1999, pamoja na mji wa kale wa Ibiza, na mwaka 2018 serikali ya Visiwa vya Balearic, ambavyo Ibiza na Formentera ni miongoni mwake, ikapiga marufuku kutia nanga juu yake.

Sisi tunayo mafunjo, matete marefu yanayoota ukingoni mwa Ziwa Victoria. Yale ya Dunga na ya mdomo wa mto Nyando hunasa udongo unaoteremka kutoka mashambani kabla haujafika Ghuba ya Winam ya ziwa hilo, na ndani yake kamongo na samaki wadogo hupata maficho dhidi ya mbuta, yule samaki mkubwa anayekula samaki wenzake. Sidai kwamba Winam itakuwa angavu kama Formentera, kwani ghuba yetu ina kina kifupi, na mbolea na majitaka huyastawisha magugumaji. Wala sina ugomvi na wanaokata mafunjo kusuka mikeka, maana yakikatwa huchipuka upesi. Kinachonihuzunisha ni kuyaona yakichomwa, kisha mahali pake pakimwagwa kifusi ili pawe viwanja.

Kwa hivyo naomba gazeti lako limtume mwanahabari Dunga kabla ya mvua ya masika, apande mtumbwi pamoja na wavuvi, aufuate ukingo wa mafunjo jinsi ulivyo leo, na atuandikie ni nani wanaoufukia na kwa idhini ya nani.

Mwalimu wa Jiografia,
Kisumu