Mifupa ya katuni nayo ina ukoo wake

Mhariri, naomba kanafasi kidogo, vijana wengi wa animesheni wanalia na hii kitu, kumvisha mhusika wa katuni mwendo uliorekodiwa kwa mtu halisi. Ukifungua faili la BVH, yaani faili linalotunza mwendo huo, mfano yale ya bure yaliyotokana na rekodi za chuo cha Carnegie Mellon kule Marekani, ndani mna sehemu mbili, ya kwanza inataja mifupa na urefu wake kuanzia nyonga ambayo ndo mzazi wa wote, afu mgongo, bega, kiwiko mpaka kiganja, ya pili ni namba tupu, mahali nyonga ilipo na mizunguko ya viungo, fremu kwa fremu, yaani picha moja moja. Sasa mtu anachukua mwendo wa jitu refu anambandika mhusika wake mfupi, nyonga inasafiri hatua ndefu miguu haifiki, inateleza kama kwenye sabuni, anasema programu mbovu! Sio programu bana, mifupa haifanani urefu. Mi mwenyewe nilipoteza wiki, mhusika amelala kifudifudi, kumbe nilichezea mihimili, yaani zile pande za X, Y na Z, wakati wa kuingiza, faili linahesabu Y ndo juu na Blender, programu ninayotengenezea katuni, juu ni Z. Na mwendo uliorekodiwa fremu 120 kwa sekunde ukiucheza kwa 24, mtu anatembea kama yuko chini ya maji. Ukurasa wenu wa teknolojia utuwekee na haya, sio simu mpya tu kila wiki.

Mchora katuni, Dar es Salaam